Mgeni Ndiye Aonaye Kimo

Mtoto hakui machoni pa anayelala naye chumba kimoja. Mama humvalisha shati lile lile kila asubuhi, mpaka siku moja mikono ya shati inakomea juu ya kifundo cha mkono, na hapo ndipo anaposhtuka. Lakini shangazi aliyekaa Tabora miaka miwili, akishuka tu kwenye basi, hupaza sauti: "Umekua!" Hasemi "unakua", wala hasemi "ulikua". Anatumia -me-, kwa sababu kazi yote ya kukua imefanyika yeye hayupo, na kilichobaki mbele ya macho yake ni matokeo. Nimeanza na shangazi huyu, ambaye hakosekani katika ukoo wowote, kwa kuwa ndiye ninayemwona kila ninaposoma tawasifu zilizoandikwa kwa Kiingereza na kufika mahali ambapo mwandishi anatumia kile kitenzi kidogo had. Ninachoshikilia ni hiki: kukua hakuonekani kukitendeka. Hugunduliwa kukiwa kumekwisha kutendeka. Na wakati uliopita timilifu wa Kiingereza ndio unaompa mwandishi wa kumbukumbu mahali pa kusimama ili augundue upya ukuaji wake mbele ya msomaji, bila kujifanya kwamba alikuwa akiutazama siku zote.

Kiingereza kina grew na kina had grown. Umbo la kwanza linasema jambo lilitokea zamani, basi. La pili linadai tarehe mbili: siku ambayo msimulizi anasimama, nayo imekwisha kupita, na kipindi kilichokuwa nyuma ya siku hiyo. Hans Reichenbach, mwanafalsafa wa Kijerumani, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1947 alizitenga nukta tatu katika kila njeo: wakati wa kusema, wakati wa tukio, na wakati ambao msemaji anaurejelea. Katika had grown tukio limetangulia, rejeleo limefuata, na kusema kumekuja mwisho. Nukta ile ya kati ndiyo inayosahauliwa darasani, na ndiyo yenye thamani yote. Mwambie Mwingereza kwamba msichana fulani had grown, kisha unyamaze, uone atakavyongoja: alikuwa amekua kufikia lini? Aliporudi nani? Sentensi yenyewe inamtafuta shangazi ashuke kwenye basi. Kiswahili hakihitaji kukopa wazo hili kwa mtu. Tunasema alikuwa amekua, vitenzi viwili, kila kimoja na kiambishi chake cha nafsi, na kila kimoja na nukta yake. Alikuwa inamweka mtu kwenye siku ile. Amekua inaeleza yaliyokwisha kutimia kufikia siku hiyo. Kile ambacho Kiingereza kimekikunja, Kiswahili kimekianika juani.

Historia ya maumbo haya inasaidia hoja yangu kuliko kanuni za vitabu vya sarufi. Wataalamu wengi wa lugha za Kibantu huifuatilia -me- hadi kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, ndugu wa maliza yetu ya leo, na -li- hadi kitenzi cha kuwa. Had, kwa upande wake, ilitoka kwenye umiliki. Katika Kiingereza cha kale mtu alikuwa "nayo" barua katika hali ya kuandikwa, kama anavyokuwa na ng'ombe zizini, na neno la kuandikwa liliifuata barua kama kivumishi kinavyolifuata jina. Umiliki huo ukageuka taratibu kuwa wakati. Lakini vitenzi vya mwendo na vya kubadilika, yaani kuja, kwenda, kukua, havikuwa na kitu cha kumilikiwa. Mtu aliyekua amemiliki nini? Kwa hiyo kwa karne nyingi Waingereza walisema was come, was gone, was grown, kwa kitenzi cha kuwa, kama sisi na alikuwa yetu. Jane Austen, aliyefariki mwaka 1817, bado aliandika hivyo. Baadaye had ikavimeza vitenzi karibu vyote, na mabaki ya zamani yamesalia katika kusema kwamba fulani ameondoka, au kwamba watoto wa fulani ni wakubwa sasa. Maana yake ni kwamba mzungumzaji wa Kiingereza aliwahi kukuona kukua kama hali ambayo mtu yumo, kisha akaanza kukuona kama umbali ambao mtu amekwisha kuupita. (Kuhusu alikuwa na alikua, ambazo vijana wengi wanazichanganya wakiandika, ukaribu wao ni wa sauti tu, mizizi ni mbalimbali kabisa. Hata hivyo nakiri kwamba sikio langu hulifurahia fungu la maneno ambamo kuwa na kukua vinafuatana kwa karibu hivyo.)

Tofauti hiyo ya hali na umbali ndiyo inayowaangusha wengi wetu tunapoandika Kiingereza. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe: kwetu hii ni picha ya mtu tunayemwona, kanzu iko mwilini. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili huitia katika Kiingereza kwa had, na msomaji wa lugha ile anabaki akiuliza kama kanzu ilikwisha kuvuliwa. Alikuwa amelala, alikuwa amesimama, alikuwa amechoka, zote zinatuonyesha mtu katika hali, na Kiingereza kinazitaka kwa kitenzi cha kuwa. Mwalimu husahihisha kwa wino mwekundu na kuandika kanuni: had hutumika kwa tendo la kwanza kati ya matendo mawili. Kanuni hiyo si ya uongo, lakini ni kavu mno, na imewafanya vijana wetu waamini kwamba had ni alama ya foleni, nani katangulia nani kafuata. Inasikitisha, kwa sababu mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili tayari anacho chombo kamili kichwani. Angeambiwa tu kwamba Kiingereza kinauliza jambo moja zaidi, yaani kama unataka kuonyesha mtu alivyo mlangoni au safari aliyoipiga kabla hajafika mlangoni, angeelewa siku hiyo hiyo. Na kukua ndiko mahali ambapo maswali haya mawili yanakutana. Mtu aliyekua ni hali, tena ni safari. Mwandishi wa tawasifu anayeridhika na hali ameandika picha ya pasipoti. Anayetafuta safari itambidi aitafute kwa had.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ninaoujua ni wa mtu aliyezaliwa utumwani Maryland, Marekani, mnamo 1818, ambaye hata siku yake ya kuzaliwa hakuijua. Frederick Douglass alichapisha tawasifu yake ya kwanza mwaka 1845. Alipokuwa mtoto alipelekwa Baltimore katika nyumba ya Hugh Auld, ambako mke wa nyumba, Sophia, alianza kumfundisha herufi mpaka mume wake alipomkataza. Ukimsoma Douglass kwa makini utaona jinsi anavyolipanga jambo hili. Anapomjulisha Sophia kwetu anatumia wakati uliopita timilifu kutueleza alivyokuwa kabla ya siku ile: kwamba kabla yake hakuwa amewahi kuwa na mtumwa chini yake, na kwamba kabla ya kuolewa alikuwa ameishi kwa jasho lake mwenyewe, mfumaji. Yaani mama huyu naye ana ukuaji wake, ila ni ukuaji wa kwenda chini, na bila ile had tusingejua ameanguka kutoka kimo gani. Kisha, baada ya kuonyesha jinsi alivyokuja kugeuka mkali kuliko mumewe, akamnyang'anya kijana hata gazeti mkononi, Douglass anatua na kusema, kwa wakati ule ule, kwamba lililokuwa la kutendeka lilikuwa limekwisha kutendeka siku alipoonyeshwa herufi. Hapo mimi huona uzito wa sarufi nzima. Katazo limefika likiwa limechelewa. Wenye nyumba wanakigundua kimo cha kijana kama shangazi anavyokigundua, ila wao wanakigundua kwa hasira. Hakuna njeo nyingine inayoweza kusema kwa pumzi moja kwamba mlango umefungwa na kwamba mtu amekwisha kupita.

Mtu anaweza kusema kwamba njia hii inaficha kazi. "Alikuwa amejifunza kusoma" ni sentensi nyepesi mno kwa miaka ya wizi wa maarifa. Inamfanya msomaji adhani elimu ilimdondokea mtu kama embe. Pingamizi hili lina haki, na nadhani Douglass alilijua, kwa sababu haiachi sentensi ya namna hiyo ikae peke yake. Baada ya kutuambia kilichotimia, anarudi nyuma na kulipa deni la maelezo, kwa wakati uliopita wa kawaida, hatua kwa hatua. Alichukua mkate nyumbani na kuwapa watoto maskini wa Kizungu wa mtaani, nao wakamlipa kwa somo. Alikwenda penye viwanda vya kuunda meli akatazama mafundi wakiandika herufi kwenye mbao, L kwa upande wa kushoto wa meli, S kwa upande wa kulia, akazinakili. Aliandika katikati ya mistari ya daftari za shule ambazo mtoto wa bwana wake alikwisha kuzijaza. Mkate, mbao, daftari kuukuu. Njeo timilifu ilifungua mlango, na vitenzi vya kawaida vikaingiza mizigo. Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaoutetea, na waandishi stadi wa Kiingereza wanaufuata hata katika kurudi nyuma kwa kawaida kwenye masimulizi: had moja au mbili mwanzoni ili msomaji ajue ameingizwa kipindi gani, kisha wakati uliopita wa kawaida uendelee na kazi.

Wahariri wa Kiingereza wana lao pia. Wengi wao huzikata had popote wanapozikuta; husema zinaurefusha mstari, zinamweka msomaji mbali na tukio, na mfuatano wa mambo unajulikana bila hizo. Mara nyingi ni kweli. Aya yenye had kumi na mbili inachosha kama barabara yenye matuta kila hatua. Lakini jaribu kuikata pale panapohusu kukua uone. Sema kwa Kiingereza kwamba mgeni aliporudi, kijana alikuwa amekua. Kisha iondoe had, na sentensi itasema kwamba aliporudi, ndipo kijana akakua, kana kwamba kurudi kwake kulimwagilia maji. Haikupungua neno tu, sababu imegeuzwa. Mgeni aliyekuwa shahidi amefanywa mkulima. Makosa ya namna hii yamejaa katika kumbukumbu za watu wakubwa, na ubaya wake unazidi lugha: mzazi aliyekuwa mbali, mwalimu aliyefika mwaka wa mwisho, mfadhili aliyelipa ada ya muhula mmoja, kila mmoja hupewa sifa ya kumkuza mtu ambaye alimkuta amekwisha kukua. Mwandishi anayejali haki ya wale waliokuwapo kabla, mama aliyeuza maandazi, bibi aliyempa mahali pa kulala, atailinda had yake hata mhariri akinuna.

Pingamizi gumu zaidi ni la wale wanaosema kwamba njeo timilifu inafunga hesabu mapema. Kukua hakuna siku ya kumalizika. Basi kwa nini tukuseme kwa umbo lililotokana na kumaliza? Tena mwandishi mzee anayesema "nilikuwa nimekomaa" anajipaka rangi, kwa sababu leo anajua mwisho wa hadithi. Nalikubali la pili kama hatari, lakini dawa yake imo ndani ya njeo hiyo hiyo. Timilifu haisemi kazi imekwisha milele. Inasema imefika hapa kufikia siku ile. Douglass aliandika maisha yake mara tatu, 1845, 1855 na 1881, na toleo la mwisho akalipanua tena 1892. Kila mara alisimama mahali papya, na yaliyokuwa yamekwisha kutendeka yakaongezeka. Mwaka 1845 hakueleza alivyotoroka Septemba 1838, kwa sababu maelezo yangewaumiza waliomsaidia na kuwafungia njia waliokuwa bado kifungoni. Ndipo katika kitabu cha 1881 akaandika wazi kwamba alipanda treni akiwa na mavazi ya baharia na hati za kuazimwa. Virginia Woolf, alipoanza kuandika kumbukumbu zake za utotoni mwaka 1939, aliona tatizo hili hili kwa upande mwingine: alitaka yule wa sasa na yule wa wakati ule waonekane wote wawili, akawa anataja tarehe za siku anazoandika, vita vikiwa vimekaribia na kisha vimewaka, ili msomaji ajue jicho linatazama kutoka wapi. Yeye aliiweka wazi nukta ya kusema. Had inaiweka wazi nukta ya kati. Mwandishi mwenye zote mbili hana nafasi kubwa ya kumkopesha mtoto wa miaka saba busara ya mtu wa miaka hamsini, kwa maana ufa kati yao uko wazi kwenye ukurasa.

Na ndiyo maana had inafanya kazi nzuri zaidi ikikanushwa, au ikiambatana na "kuwahi". Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948 anayeandika kwa Kiingereza, anaifungua riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 na kijana Yusuf wa miaka kumi na miwili, na mapema kabisa anatuambia kijana aliona Wazungu wawili kwenye stesheni ya reli, wa kwanza aliokuwa amewahi kuwaona. Hiyo ni riwaya, si tawasifu, lakini tazama kipimo kinachotumika. Kwa nusu sentensi tumepewa ukubwa wa dunia ya mtoto kufikia siku ile: imeishia wapi, haijagusa nini. Kisha Yusuf anachukuliwa na mtu anayemwita ami, na ni Khalil, kijana mwenzake dukani, anayemfahamisha kwamba yule si ami yake. Baba yake ana deni, na yeye ni rehani. Kukua kwa Yusuf kunaanza hapo, katika kujua kwamba jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa juu yake kabla hajaelewa. Naona hapa undani ambao kanuni ya matendo mawili haiwezi kuufikia: sehemu kubwa ya kuwa mtu mzima ni kupata habari za yale uliyokuwa umetendewa.

Kuna atakayesema tuiache had kwa wenyewe, kwa kuwa Kiswahili kina -ka-, na -ka- ndiyo roho ya masimulizi yetu. Akazaliwa, akakua, akaoa. Ni kweli, na sina nia ya kuishindanisha. Lakini sikiliza hadithi za bibi zinavyoitumia: mtoto akakua, na papo hapo tuko kwenye safari yake ya kwenda kuposa binti wa mfalme. Miaka kumi na minane imevukwa kwa silabi nne, na ni sawa, kwa sababu hadithi haina shida na miaka hiyo. Tawasifu ina shida nayo. Miaka hiyo ndiyo bidhaa yake yote. Shaaban Robert alipoandika maisha yake hakutosheka na kitabu kimoja. Maisha Yangu kikaja kufuatwa na Baada ya Miaka Hamsini, na jina hilo la pili peke yake limechagua mahali pa kusimama, kilele fulani cha umri ambacho nyuma yake mambo mengi yamekwisha kutimia. Anayeandika Kiswahili leo ana -ka- ya kusonga mbele na alikuwa ame- ya kugeuza shingo, na simwelewi mwandishi anayeiacha moja kwa kuihisi ni ya kigeni, wakati imo katika kinywa cha kila shangazi.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza, katika kumbukumbu yake ya miaka aliyosoma katika shule ya bweni ya Alliance, jinsi alivyorudi nyumbani Limuru baada ya muhula wake wa kwanza, mwaka 1955, Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari. Kwa mujibu wa mambo yote tuliyozoea, hapo ndipo mtu wa nyumbani angepaswa kumtazama kijana aliyetoka bweni na kuona kimo kipya. Alikuta kijiji hakipo. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, watu walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kipya kilicholindwa, na yote hayo yalikuwa yamefanyika yeye akiwa darasani. Aliyetoka shule akageuka yeye ndiye mgeni, yeye ndiye wa kusimama na kuhesabu yaliyokwisha kutendeka. Palikuwa na vifusi, na hapakuwa na mlango ambao mtu angetokea kumwambia, "Umekua."